Fundi Timazi na Ukuta wa Ndugu Zake

Mpendwa wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1956, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa jirani kabisa na tanuri la matofali la baba yake. Alikuwa kitinda mimba. Mbele yake walikuwapo kaka yake, aliyekuwa na miaka tisa, na dada yake aliyekuwa na sita. Mama yao alisimulia mpaka uzeeni kwamba siku ile baba alikuwa amewasha tanuri na hakuweza kuliacha, kwa hiyo kila baada ya muda alifika mlangoni na majivu yake usoni, akauliza, "Bado?" kisha akakimbia kuchochea moto. Safari ya mwisho alijibiwa na kilio cha mtoto. Akasema, "Haya, na huyu naye ameiva," ndipo akanawa mikono na kuingia kumwona.

Mwaka 1966 baba aliaga dunia, na nyumba ikayumba. Kaka mkubwa aliacha masomo, akaenda kuwa utingo wa lori na baadaye dereva. Dada aliendelea na shule, lakini kabla ya kutoka asubuhi alikuwa ameshachota maji, ameshafagia, na ameshamwosha mdogo wake miguu, jambo ambalo mdogo wake hakulipenda hata siku moja. Mvua zikinyesha na bonde likajaa maji, kaka alimbeba mabegani mpaka ng'ambo. Kaptula ilipochanika, dada alikata sketi yake mwenyewe ya shule akamshonea nyingine. Ilikuwa kaptula yenye marinda. Watoto wenzake walimcheka mpaka wakachoka, naye aliivaa mpaka ikaisha, kwa sababu imeshonwa na dada. Tunayataja haya mapema ili ieleweke kwa nini baadaye hakuweza kuchagua upande.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1970. Alitaka kumfuata kaka yake kwenye malori, kaka akakataa katakata. "Lori limenitosha mimi," alisema. "Wewe utajifunza kitu cha kukaa mahali pamoja." Ndivyo alivyoingia chuo cha ufundi, mwaka 1972 hadi 1974, kusomea uashi, na huko ndiko alikopata jina tulilomjua nalo sote. Alikipenda mno kile kifaa cha timazi, uzi wenye kipande cha chuma mwishoni unaoonyesha kama ukuta umesimama wima. Alikining'iniza kila mahali: mlangoni, kwenye mti, kwenye ubao. Siku moja alikining'iniza kando ya mwalimu aliyekuwa ameegemea meza, akalitangazia darasa zima kwamba mwalimu amepinda. Alifyeka nyasi za chuo wiki nzima, na kuanzia hapo akaitwa Timazi. Hata mkewe alimwita hivyo, isipokuwa akiwa amekasirika.

Kuanzia mwaka 1975 mpaka mwili ulipomkatalia mwaka 2021, Timazi alijenga. Alijenga kwa tofali za kuchoma, kwa tofali za saruji na kwa mawe. Alijenga madarasa, zahanati, maduka ya pale kwenye kona, na nyumba nyingi ambazo baadhi yenu mmelala ndani yake usiku wa jana. Hakuwa fundi wa haraka. Tofali kavu aliliogesha kwanza, kwa maelezo kwamba tofali lenye kiu litainyonya saruji kabla haijashika. Ukuta mpya aliumwagilia asubuhi na jioni na kuufunika magunia, kama mgonjwa aliyetoka hospitali juzi. Hakukubali kupandisha ukuta mrefu kwa siku moja. Kuna mteja mmoja aliyemsihi sana amalizie uzio kabla ya Jumamosi kwa sababu wakwe walikuwa wanakuja. Timazi akamwambia, "Mzee, kama ni kujificha tu, nunua pazia." Mteja alinuna, lakini pazia alinunua, tena kwa mke wa Timazi. Tabia yake nyingine iliyomtia mkewe aibu ni kwamba akipita mtaani na kuuona ukuta aliojenga zamani, alisimama, akaugusa kwa kiganja, akauliza, "Hujambo?" Watu walidhani anamsalimia mtu aliye dirishani.

Mke mwenyewe alimpata kupitia ukuta. Mwaka 1983 aliitwa kuziba ufa katika chumba cha fundi cherehani mmoja kijana, mwenye ulimi mkali na vidole vyepesi. Ufa ulikuwa mdogo, lakini Timazi alirudi siku ya pili kuupima, na ya tatu, na ya nne. Yule binti alisimamisha cherehani akamuuliza, "Fundi, huo ukuta una homa? Maana kila siku unakuja kuupima." Timazi akajibu kwamba ukuta hauna neno, mwenye homa ni yeye. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984. Kaka aliwaendesha maharusi kwa lori lililooshwa mpaka likang'aa, na dada akasimama kando ya bibi harusi kutwa nzima akimshikia ua. Mungu aliwajalia watoto watatu. Katika nyumba yao palikuwa na nyuzi za aina mbili, za kujengea na za kushonea, na zaidi ya mara moja ukuta wa watu ulinyooshwa kwa uzi wa zambarau.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo familia ilijadiliana kama lisomwe hapa au lisisomwe. Wahusika wote wawili wamesema lisomwe, na tena lisipunguzwe.

Mama yao alipofariki mwaka 2007, kiwanja cha wazazi kiligawanywa. Kaka alikuwa na sehemu ya juu pamoja na nyumba ya zamani. Dada, aliyekuwa muuguzi na ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, alijenga sehemu ya chini. Mvua ikinyesha, maji yote ya bati la kaka yaliteremka uani kwa dada. Dada alisema mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole, na kaka kila mara aliahidi kuweka mfereji, asiweke. Msimu wa mvua wa mwaka 2009 maji yaliingia jikoni kwa dada, yakavibeba viatu vyake vya kazini mpaka barabarani. Alipanda kwenda kwa kaka yake akiwa peku. Maneno yakapanda pia, na kaka, kwa hasira, akamwambia, "Ndiyo maana mwanamume alishindwa kukaa na wewe." Dada alishuka, akafunga mlango, na hakumsemesha tena. Kaka naye, kwa kiburi cha mtu anayejua kwamba amekosa, akaapa kwamba geti la dada yake hatalikanyaga.

Baada ya hapo walibaki na jambo moja tu la kukubaliana: kujengwe ukuta, na mjenzi awe Timazi. Kaka alimfuata kazini akasema, "Nijengee ukuta, nisimwone." Dada alimfuata nyumbani akasema, "Nijengee ukuta. Mrefu." Timazi alijaribu kuwasuluhisha, kila mmoja akamwambia ashike mwiko wake. Siku zile hakula vizuri. Alitaka kuikataa kazi ile, mpaka mkewe alipomwambia, "Ukikataa wataleta fundi mwingine, na huyo atawajengea ukuta kweli kweli." Timazi aliyageuza maneno hayo kichwani kwa muda mrefu, kisha akaenda kununua saruji.

Aliujenga na fundi mwenzake wa miaka yote, yule tunayemwita Kifusi, ambaye yupo hapa nasi. Msingi ulikuwa wa mawe, juu yake tofali za saruji, na nguzo za kuushikilia kila baada ya hatua kadhaa. Chini aliacha matundu na kuweka mabomba ya kuyapeleka maji ya kaka kwenye mtaro wa barabara, na mafuriko ya jikoni yakaisha. Walipofika katikati na kimo cha mlango, Timazi akaanza kuandaa lenta, ule mhimili wa zege unaolazwa juu ya mlango ili tofali za juu zisishuke. Kifusi aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Bwana we, lenta hapa ya nini? Mlango uko wapi?"

"Unakuja."

"Unakuja kutoka wapi?"

"Kifusi, funga mdomo, nipe zege."

Chini ya ile lenta aliliziba pengo kwa tofali zilizopangwa kwa udongo mtupu, bila saruji, na bila kuziunganisha na tofali za pembeni, ili siku zikitolewa ukuta uliobaki usishtuke. Halafu akapiga plasta pande zote mbili kwa mkono wake. Hakuna jicho lililoona kitu. Aliyeambiwa sababu ni mkewe peke yake. "Hawatamaliza mwaka," alimwambia. "Wakipatana tu, nawafungulia, napachika mlango." Mkewe alimuuliza kwa nini asiwaambie sasa hivi. Alijibu kwamba watu wenye hasira ukiwaonyesha mlango wataupiga saruji.

Mwaka uliisha, na mingine ikafuata. Sikukuu zikifika, Timazi aliingia kwa geti la kaka, akala, akaaga, akazunguka barabara nzima, akaingia kwa geti la dada, akala tena. Hakuthubutu kumwambia yeyote kati yao kwamba ameshiba. Alinenepa kwa ajili ya ugomvi usiomhusu. Lakini wanaomjua walimwona, kila alipotoka kwa mmoja, akitazama ule ukuta kabla ya kuondoka, na huo ndio ukuta pekee ambao hakuwahi kuusalimia.

Kikohozi kilianza mwaka 2020. Mwaka 2023 madaktari wa hospitali ya rufaa walimweleza kwamba vumbi la saruji na la mawe limeacha makovu kwenye mapafu yake, na kwamba makovu hayo hayatoki. Alipokea taarifa hiyo kwa utulivu, akauliza tu kama anaruhusiwa kunywa chai ya moto. Septemba 2024 alizidiwa. Dada yake alikuja na gari la kukodi, akakunja magodoro mwenyewe, akawahamishia Timazi na mkewe nyumbani kwake ili amwangalie kwa karibu. Alifanya hivyo kwa upendo. Lakini sasa mgonjwa alikuwa nyuma ya lile geti ambalo kaka ameapa kutolikanyaga.

Basi kila asubuhi Timazi alitolewa kiti uani apate jua, na kaka mkubwa, mzee wa miaka sabini na saba, akaweka kiti chake upande wa pili wa ukuta. Wakawa wanaongea kwa kupaza sauti.

"We Timazi! Umeamka?"

"Nimeamka, kaka!"

"Umekula?"

"Nimekunywa uji!"

"Uji wa nani?"

"Si wa dada!"

"Haya. Kunywa basi, umalize."

Dada alikuwa akipita na mambo yake kana kwamba hasikii. Siku moja alikinyanyua kiti cha mgonjwa akakisogeza karibu zaidi na ukuta. Timazi alimtazama mkewe, mkewe akatazama chini. Wakati huohuo hofu mpya ilikuwa imemwingia Timazi. Kufa hakukumtisha sana. Alichoogopa ni kufa akiwa ameuacha ukuta ule umesimama katikati ya watu wawili waliomlea, na yeye ndiye aliyeusimamisha.

Desemba sauti ilianza kumtoka. Asubuhi ya tarehe 12 kaka aliita kama kawaida, Timazi akajibu, na jibu halikufika hata nusu ya ukuta. "Timazi? Umeamka?" Akajibu tena. "Timazi! Mbona kimya? Timazi, mdogo wangu!" Halafu wote waliokuwa uani wakasikia, upande wa pili, mzee akilia. Timazi alimgeukia dada yake. Dada alikuwa amesimama na bakuli mkononi, amekauka.

Timazi alimpa mkewe ishara, mkewe akamshika kwapani akamsimamisha. Akamwomba ile chaki yake ya kuchorea nguo. Akauegemea ukuta, akachora mstari mmoja wa wima, akavuta pumzi, akapiga hatua kando, akachora wa pili. Kwa mnong'ono akasema, "Chini ya lenta. Humo hakuna saruji."

"Lenta gani?" dada aliuliza.

Mkewe ndiye aliyemweleza. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu siku anaujenga."

Dada aliweka bakuli chini, akakaa kando ya bakuli hilo kwenye udongo, yeye ambaye hakuwahi kukaa chini bila mkeka. Alipoinuka aliufuata ukuta, akasema kwa sauti aliyokuwa hajamsemesha nayo kaka yake kwa miaka kumi na mitano, "Kaka. Yupo. Sauti tu ndiyo imeisha."

Kilio kilikatika.

"Sogea hapo ulipo," akaendelea, "tunabomoa."

"Mnabomoa nini?"

"Ukuta."

"Ukuta upi?"

"Kwani uko mwingine?"

Muuguzi ni muuguzi tu. Kwanza alimrudisha mgonjwa barazani, akamfunika pua na mdomo kwa kitambaa kibichi, akaumwagia ukuta ndoo za maji ili vumbi lisipande. Ndipo akashika nyundo. Akapiga. Nyundo ikamrudia. Akapiga tena, ikamrudia tena. Hapo likaonekana kosa ambalo Timazi peke yake angeweza kulifanya: tofali alizipanga kwa udongo, lakini plasta aliipiga ya saruji nzito, akaimwagilia vizuri kwa siku zake zote, kwa sababu kupiga plasta mbovu hakukuwa kwenye uwezo wake. Mkewe alimgeukia akasema, "Wewe hata ukidanganya unaweka saruji!" Timazi alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka.

Ikabidi wapige pande zote mbili kwa pamoja. Kaka alileta nyundo yake ya kugongea matairi.

"Nipige kushoto au kulia?"

"Kulia."

"Kulia kwako au kulia kwangu?"

"Kaka, piga popote, mradi upige!"

Plasta ilipasuka, tofali la kwanza likaangukia upande wa kaka, na wakaonana uso kwa uso kupitia tundu. Kaka ndiye aliyeanza.

"Lile neno. Nililisema vibaya."

"Hukulisema vibaya. Ulilisema vizuri sana, ndiyo maana liliniuma."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Dada alijifuta uso kwa mkono uliojaa udongo. "Vuta hilo la chini," akasema. "Mgonjwa asikae sana nje." Kisha, tofali lilipotoka, "Nimekusamehe. Vuta na hilo."

Kaka alipita akiwa ameinama, ingawa lenta ilikuwa juu ya kichwa chake. Alikwenda moja kwa moja barazani, akapiga magoti, akamshika Timazi mikono. Kifusi alikuja kesho yake kunyoosha kingo. Aliikagua lenta kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwambia mgonjwa haina ufa hata wa unywele, na Timazi akamjibu kwa mnong'ono kwamba mlango umekuja.

Wiki zilizobaki kaka alipita pale kila siku, na hakuna aliyehitaji kupaza sauti. Walikaa watatu, wakikumbushana bonde, na mabega, na kaptula yenye marinda. Timazi alilala usingizi wake wa mwisho Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, adhuhuri. Kichwa kilikuwa mapajani kwa mkewe, mkono wa kuume ulikuwa kwa kaka, na wa kushoto kwa dada, aliyekuwa akiusikiliza mshipa. Mshipa uliposimama, aliulaza mkono kifuani taratibu akasema, "Ameenda, kaka." Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, fundi mwenzake Kifusi, na ndugu wawili. Kuhusu hao wawili binti yake mkubwa, aliyepewa kazi ya kuandika karatasi hii, ana maelezo kidogo. Jana jioni walianza kubishana ni nani atajwe kwanza. Kaka alisema atajwe dada, kwa sababu ndiye aliyemlea. Dada alisema atajwe kaka, kwa sababu bila yeye hata chuo asingekiona. Walibishana mpaka chai ikapoa, kila mmoja akimsukumia mwenzake, na sauti zao zikasikika mpaka barabarani, ukuta ukiwa wazi. Mwandishi alishindwa kuamua, kwa hiyo nafasi yao imeandikwa hivi tu: kaka na dada, waliomlea pamoja.

Pumzika, Timazi. Wamepatana.